Mume wa Ulayu

Watu wa kusini wana imani moja ambayo hakuna mchungaji aliyewahi kuwafundisha: kwamba mtu hulala pale alipoandikishwa. Akinisi Alasuak, karani na mkalimani wa zahanati yetu ya Tasialuk, kaskazini kabisa kwenye nchi ya barafu, alifanya kazi na imani hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mpenda kucheka, na mkaidi kuliko mbwa aliyelala mlangoni. Aliwatafsiria manesi maneno ya wazee na wazee maneno ya manesi, na kila vidudu vibaya vilipoingia katika damu ya mtu, aliijaza fomu ya ofisi inayofuatilia magonjwa hayo katika vijiji vya kaskazini. Juu iliandikwa "Wanaoishi nyumba moja na mgonjwa", na chini yake mistari minane.

Miaka kumi na moja nyuma aliijaza kama alivyoagizwa. Mgonjwa alikuwa mtoto wa jirani, nyumbani kwao walikuwa sita, akaandika sita, na dawa ya kinga ikaja ya watu sita. Wa saba alikuwa Jaani, mtoto wa kaka yake Akinisi, aliyelala pale siku tatu kwa juma kwa sababu tu alimpenda mbwa wao. Siku ya tano Jaani akafa. Hakuna aliyemlaumu Akinisi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alijilaumu mwenyewe, akajiapiza kwamba hataijaza tena fomu ile kwa adabu.

Jumanne moja ya mwezi Machi ikaja habari kutoka hospitali ya kusini. Ulayu, binti wa Lisi, mwenye miaka miwili, aliyesafirishwa na mama yake kwa ndege Jumapili akiwaka homa, alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Mtoto huyo alipewa jina la marehemu mama yake Akinisi. Kwa hiyo Akinisi, na miaka yake hamsini na mitatu, alimwita "mama", naye mtoto alipojifunza kusema alimwita "mwanangu" na kumdai biskuti. Kwetu hilo si ajabu.

Saa mbili na nusu asubuhi Dakta Lavoie wa ofisi ile akapiga simu.

"Ndege ya dawa inaondoka huku saa sita," alisema. "Dhoruba inakuja, nyingine ni mpaka Jumamosi. Nipe majina ya nyumba ya Lisi kabla ya saa tano."

"Nyumba ipi?"

"Anayoishi mgonjwa."

"Juma lililopita mtoto kala nyumba saba, kalala nne. Nikupe ipi?"

"Akinisi, tafadhali. Ile iliyo kwenye fomu."

"Ya kwenye fomu ina Lisi na mumewe, na mumewe yuko kambini anavua tangu mwezi uliopita. Hao wazima wawili ndio unataka kuwaokoa?"

Dakta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali tu, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alimweleza kwa upole kwamba dawa haigawiwi ovyo na kwamba kuna utaratibu. Akinisi akakata simu bila kuaga, akavuta koti lake la manyoya.

"Naenda redioni," alimwambia Melani, nesi kijana aliyekuwa na miezi mitatu tu kijijini.

"Huwezi kumtaja mgonjwa redioni! Ni siri ya zahanati. Watakufukuza kazi."

"Mimi simtaji. Mama yake ndiye atamtaja. Mtoto ni wako au wa Lisi?"

Redio yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la ushirika, na hakuna nyumba isiyoiwasha. Asubuhi ile, katikati ya tangazo la bingo, ilisikika sauti ya Lisi kwa simu kutoka hospitali.

"Ni mimi Lisi. Ulayu wangu anaumwa sana, lakini anapumua. Kila aliyemlaza, kila aliyekula naye sahani moja, apeleke watoto wake kwa Akinisi. Msione haya. Sitaki mwenzangu alie ninavyolia mimi."

Akinisi akashika kipaza sauti. "Mmesikia. Na wewe Tivi, usijifanye umelala. Walete pacha wako. Alhamisi niliwaona kwa macho yangu, wao na Ulayu wanagombea mfupa mmoja wa sili."

Simu ya redio ikalia papo hapo. "Mimi Tivi! Nishavaa viatu, acha kuniaibisha!"

Kufika saa nne zahanati ilijaa koti kwa koti, watoto wamekaa sakafuni, mabibi wamekalia viti vyote. Akinisi alijaza mistari minane, akageuza karatasi, akaendelea nyuma, akabana karatasi nyingine. Majina yakafika thelathini na moja.

Akayapitia, akaona kosa lake. Alikuwa amewauliza watu nyumba kwa nyumba. Miaka yote ile ya fomu ilikuwa imemwingia kichwani bila kubisha hodi, na yeye, binti wa Ulayu wa kwanza, alikuwa amesahau kuuliza jina kwa jina.

"Mume wa mama yuko wapi?" alisema kwa sauti.

Putulik alikuwa na miaka minne. Alikaa nyumba ya mwisho kabisa, karibu na matangi ya mafuta, na hakuwa na tone la damu moja na Lisi. Lakini alipewa jina la baba yake Akinisi, kwa hiyo yeye na Ulayu walikuwa mke na mume, na mabibi wa kijiji hawakuchoka na utani huo. Ijumaa iliyopita, kwenye karamu, waliwakalisha pamoja tena. Putulik alimmegea mkewe mkate, mke akautema, na mume, kwa shangwe za wote, akaumalizia.

Akinisi akampigia simu bibi yake Putulik. "Bibi Qiallak, Putulik yuko wapi?"

"Kalala. Tangu jana jioni katulia, hanisumbui."

"Mwamshe."

"Mtoto akitulia unamshukuru Mungu, humwamshi."

"Bibi, mwamshe. Nimeshika simu, nangoja."

Alingoja. Bibi aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine. "Akinisi, shingo yake haipindi."

Walikwenda kwa pikipiki ya theluji, Akinisi mbele, Melani nyuma na mkoba wake. Melani akatoa damu ya kupima, kisha akamchoma sindano palepale jikoni, na mtoto hata hakulia. Akinisi aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Saa tano kasoro dakika nne alikuwa kwenye simu ya bibi.

"Andika. Dawa ya watu thelathini na watano, pamoja na nyumba hii. Na ndege itarudi na mgonjwa."

"Thelathini na watano? Akinisi, hiyo si nyumba."

"Basi lete ya watu wanane, na upande ndege hiyo wewe mwenyewe. Ukifika nitakupeleka redioni, uwachague hao wanane mama zao wakisikia. Nitakutafsiria neno kwa neno."

Melani akainama kwenye simu, hakuna aliyemwomba. "Mimi natia saini kwa wote."

Dakta akauliza taratibu, "Na huyo mgonjwa mpya, ana uhusiano gani na Ulayu?"

"Mume wake."

"Sina muda wa mzaha."

"Nami sina. Andika."

Ndege ilitua saa tisa, upepo umeshaanza kuinua theluji, na dawa zote thelathini na tano zilikuwamo. Iliondoka na Putulik. Hakuna mtoto mwingine aliyeugua. Putulik alirudi baada ya wiki tatu, akidai mkate. Ulayu alirudi baada ya mwezi na nusu, sikio moja halisikii tena.

Mwezi Juni ofisi ikaleta taarifa ya mwisho ili zahanati ithibitishe. Mgonjwa wa pili: vidudu aina ileile. Uhusiano na mgonjwa wa kwanza: hakuna. Akinisi akalikata neno la mwisho, akaandika juu yake: mume. Taarifa ikarudishwa, kwamba jibu hilo halimo kati ya majibu yanayokubalika. Akaliandika tena, kubwa zaidi. Ikarudishwa tena.

"Watoto wamepona, dada," Melani alimwambia. "Neno moja lina nini?"

"Akiugua mwingine, karatasi hii ndiyo watakayoisoma kwanza. Wakisoma 'hakuna', hawatamtafuta mtu."

Akaandika mara ya tatu, na chini yake wakatia saini Lisi, Tivi na Bibi Qiallak, na Putulik akaweka kidole gumba. Safari hiyo haikurudishwa.