Gemu Ndani ya Mtungi wa Mafuta

Juzi nilipita barabara ya Luthuli, hapa Nairobi, kutafuta chaja, nikaona dirishani mwa duka moja kitu kilichonisimamisha pale pale katikati ya watu. Kidude cha plastiki, kinaenea kiganjani, kioo chake kinawaka rangi zote, na ndani yake, muuzaji akaniapia, mna gemu zote za zamani hata zile nilizosahau. Akaniuliza kama namnunulia mtoto. Nikacheka peke yangu, nikamwacha hajui kilichonichekesha. Wewe ungemweleza nini? Kwamba mimi na kaka yangu tulikitengeneza kitu hicho hicho kwa mikono yetu, kule Riruta, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, na chetu kilibebwa na watu wawili? Angeniona nimerukwa na akili.

Basi ngoja nikueleze wewe, maana una subira kuliko yule.

Tulikaa chumba kimoja kikubwa cha ghorofani, pazia katikati. Upande mmoja kitanda cha Mama, upande wa pili makochi, televisheni na godoro letu, ambalo mchana lilisimamishwa ukutani. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kupita nyumbani, kuoga, kulala na kuondoka. Mama alifanya kazi ya usiku katika bekari karibu na Adams Arcade, ya familia ya Wahindi Waislamu ambao kila Idi walitupakulia pilau hata sisi tusiowajua. Alitoka jua likizama, tukajifungia kwa komeo, na asubuhi akarudi harufu ya mkate imemwingia hadi kwenye nywele. Alituletea mikate isiyouzika, iliyovunjika au kuungua pembe, bado ina joto. Tuliila na chai ya maziwa tukigombania ile iliyoungua. Tangu wakati huo sijaonja mkate mtamu hivyo, na usiniambie ni utoto.

Wakati wa shule mambo yalikuwa rahisi: sisi darasani, Mama kitandani. Shida ilikuwa likizo, na hasa ile ya Agosti, yenye baridi na manyunyu ya kuwafungia watoto ndani kutwa. Baba alikuwa ametuletea gemu ya televisheni kutoka Mombasa, sanduku la kijivu na kaseti ya manjano iliyojisifu kuwa na maelfu ya gemu. Maelfu gani! Ni zile zile chache zikijirudia kwa majina tofauti. Lakini tulizicheza mpaka vidole vikaota sugu. Kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili, hakujua kushindwa kimya kimya. Mimi nilikuwa darasa la sita na sikujua kushinda kimya kimya. Hata tukizima sauti ya televisheni, sauti zetu zilibaki, na Mama alikuwa pale pale nyuma ya pazia.

Asubuhi moja alirudi mkono umefungwa kitambaa. Alikuwa amesinzia amesimama, trei ya moto ikamgusa. Haikuwa mara ya kwanza. Tulimsikia mlangoni akimweleza jirani kwamba msimamizi wake amemwambia, wala si kwa ubaya, kuwa akisinzia tena itabidi aache kazi, kwa sababu mashine ya kukandia unga haina huruma na hataki kumwona akiingia humo. Mama alisema hayo akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

Jirani yetu alikuwa mama wa mandazi, mlango wake ukitazamana na wetu, mtu wa moyo mkubwa na mdomo usio na breki. Alingoja Mama alale, akatuita nje kwenye korido.

"Mama yenu atalala aje na hiyo makelele yenu?" akatuuliza. "Mnataka afutwe ndio mshike adabu?"

Nililia, nakwambia, nililia nikiwa nimejifunika sweta usoni ili nisisikike. Bila mshahara wa Mama tungerudishwa ushago, kijijini, na yeye angebaki kuhangaika mjini peke yake. Kaka yangu alizima gemu siku ile ile na akaketi akiitazama. Kisha akasema kwamba kama gemu haiwezi kukaa ndani na Mama, basi itoke nje.

Wazo lilikuwa hilo tu. Tatizo ni kwamba nje hakuna soketi wala televisheni. Lakini chini ya kitanda kulikuwa na kile kitelevisheni kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe ambacho Baba alikitumia kwenye lori hadi gamba lake likapasuka. Mwalimu wa fizikia alikuwa amemwazima kaka yangu chuma cha kulehemu nyaya kwa likizo yote, akiamini kijana atatengeneza kengele ya mlango. Na sanduku la kubebea alitupa jirani mwenyewe: mtungi wa manjano wa mafuta ya kukaangia mandazi, wa lita ishirini, mkono wake upo tayari. Alitupa kwa sharti kwamba tukaichezee huko mbali.

Tuliukata kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko, pale koridoni, moshi wa plastiki ukituchoma macho. Waya wa stima wa kile chuma cha kulehemu tuliupitisha chini ya mlango. Kaka yangu aliifungua ile gemu, na loo, sanduku kubwa vile, ndani yake mlikuwa na kibati kidogo cha kijani na hewa tupu. Nilishika tochi, nilishika nyaya, nilishika ulimi pia, na hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Betri zilikuwa zile kubwa za tochi na redio, nyingi zikiwa zimekwisha, tulizoomba nyumba hadi nyumba. Tulizipanga kwenye kipande cha bati huko paani zipate jua ili zifufuke, na jua la Agosti ni la kubembeleza. Kosa letu lilikuwa kudhani mtungi umeoshwa ukatakata. Tuliuosha kwa sabuni ya unga tukarudia, lakini mafuta ya mandazi hayana adabu: mara ya kwanza tulipouinua, kitelevisheni kiliteleza kikatoka chote kikabaki kuning'inia kwa nyaya. Tukajazia pembeni makaratasi ya mkate mpaka kikatulia.

Wakati huo wote ndani mwetu palikuwa na kimya cha msikiti. Tulitembea kwa ncha za vidole. Tulisemezana kwa mikono. Vyombo tuliviosha nje, na nikitaka kukohoa nilikimbilia korido. Ajabu ni kwamba Mama hakupata nafuu, alizidi kuharibika. Macho yakawa mekundu. Alitia chumvi kwenye chai. Jioni moja alishuka ngazi amevaa viatu viwili tofauti, ikabidi nimkimbilie. Tukaamini kwamba hata pumzi zetu zinamwamsha, na tukazidi kuharakisha ule mtungi.

Ukawaka! Kwanza kioo kilijaa chenga, kaka akazungusha kitufe pole pole, na chenga zikatengana kukawa na kijitu kidogo cheusi kinaruka matofali. Hakukuwa na rangi, na picha ilikaa vizuri pale tu mtu aliposhika erio, ile antena, kwa kidole, lakini ilikuwa yetu. Tuliubeba wawili, huku na huku, hadi juu kwenye paa la kuanikia nguo, tukajificha nyuma ya tangi la maji. Nilishika erio, kaka akacheza, kisha tukabadilishana. Tulipiga kelele zote tulizokuwa tumezimeza. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Kisha shuka zilizoanikwa zikasukumwa kando, akatokea Mama. Alikuwa miguu mitupu, leso imefungwa ovyo, anahema. Alikuwa amegonga kila mlango wa ghorofa yetu. Kaka yangu alisimama haraka akajiweka mbele yangu, nasi tukingoja kichapo. Mama hakutupiga. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashika kichwa.

Kaka yangu akamweleza yote: trei, msimamizi, maneno ya jirani, na kwamba mtungi ulikuwa wa kumpa nafasi alale. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Jirani analala na mzee wake anakoroma hadi sisi tunamsikia," akasema. "Yeye atajua kimya ni nini?"

Halafu akatuvuta karibu.

"Mkiwa shule najua mwalimu anawaangalia, nalala. Lakini likizo, usiku kucha niko kwa tanuri nikijiuliza kama mko sawa huku peke yenu. Nikirudi nikisikia hiyo gemu yenu na mkigombana, najua mko. Kidogo kidogo nalala. Sasa juzi hapa mmenyamaza. Kila saa naamka kuangalia kama mnapumua."

Tuliuteremsha mtungi. Mama akatuambia tusiuweke kwenye makochi, tuuweke upande wake wa pazia, juu ya stuli karibu na kichwa chake. Akajifunika, tukacheza. Alishikwa na usingizi kabla kijitu hakijamaliza matofali ya kwanza, mdomo wazi, mkono wenye bendeji nje ya blanketi. Tuliogopa kuacha. Betri zilipoanza kufa na muziki ukawa unajikokota, kaka alianza kuunganisha waya wa stima, na mimi, ili pasije pakawa kimya hata kidogo, nikamgombeza kwa sauti kwa makosa ambayo hakuyafanya. Mama aligeuka upande wa pili, akaendelea kulala.

Hakuungua tena. Kazi aliishikilia mpaka mzee wa ile familia yenye bekari alipofariki na watoto wake wakahamia ng'ambo, mlango ukafungwa. Jumba letu la Riruta lilibomolewa, pakajengwa ghorofa refu ambalo sitambui hata lango lake. Betri zilivujia ndani ya mtungi zikala nyaya. Kaka yangu yuko Doha, na gemu hana habari nazo.

Mama sasa ana kijumba chake Kinoo, na hulala usiku kama watu wengine. Au tuseme hujaribu, kwa sababu nyumba imenyamaza na hakuna wa kugombana humo. Mimi huenda Jumapili. Tukishakula, hujinyoosha kwenye kochi, nami naingia jikoni kuosha vyombo kwa fujo. Nagonganisha sufuria, naangusha vijiko, na vikiisha navichukua vilivyo safi naviosha upya, hadi nisikie pumzi zake zimekuwa nzito. Mwanangu huniuliza mbona napiga kelele na shosho yake amelala. Nampa kifuniko kimoja cha sufuria, mimi nabaki na kingine.