Mkono Wenye Uzi

Kuna video ya dakika kumi na mbili inayonionyesha mimi nikifundisha hesabu darasa la nne.

Walimu wa nchi nzima wameitazama. Mimi mwenyewe nimeitazama zaidi ya mara mia mbili, na kila mara nilikuwa namwomba Mungu mtu asiniulize swali moja tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mbele ya walimu wapya thelathini na wanne, binti mmoja akaliuliza.

Naitwa Snezhana. Ni mwalimu, au niseme nilikuwa. Haya ninayoandika sikumsimulia mtu kwa miaka kumi na mbili, hata mume wangu.

Shule yetu ilikuwa katika mji mdogo kando ya mto Danube. Siku hiyo mkuu wa shule, Bi Tsonka, alinifuata darasani uso unang'aa.

"Snezhana, tumechaguliwa. Wanakuja kurekodi somo lako, ule ufundishaji mpya wa tableti."

Ufundishaji wenyewe ulikuwa hivi. Darasa linagawanywa meza tatu. Moja watoto wako kwenye tableti, ya pili wanafanya kazi wenyewe, ya tatu wanakaa na mwalimu. Wanapokezana. Kila mtoto anakwenda kwa kasi yake, na anayechelewa, mwalimu anamjua na anakaa naye karibu.

Waliokuwa wanakuja kurekodi, watu wa kituo cha mafunzo ya walimu, walisema wazi kwenye barua yao: msifanye mazoezi. Tunataka somo la kawaida pamoja na makosa yake, ili walimu wengine wayajadili na wajifunze.

"Eti makosa," Bi Tsonka akacheka. "Mwanangu, mimi nimepokea wakaguzi miaka thelathini. Sijaona mtu anayebeba kamera kuja kupenda makosa ya mwenzake."

Kwetu, mgeni akija darasani, somo linafanyiwa mazoezi mpaka watoto waliote usingizini. Tulisomeshwa hivyo, na sisi tukasomesha hivyohivyo. Sikubisha.

Tukafanya mazoezi wiki mbili. Swali lilelile, jibu lilelile.

Na ule ujanja wa zamani, ambao hata mimi nilifundishwa nikiwa mdogo. Nikiuliza swali, wote mnainua mikono. Anayejua anainua wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto. Mimi namchagua wa kulia.

Shida ni kwamba watoto wa miaka kumi wanachanganya kulia na kushoto.

Hapo ndipo anapoingia Ralitsa.

Ralitsa alikuwa wa mwisho darasani. Mama yake alikuwa anashona kiwandani. Mtoto akihesabu, alitumia vidole, tena kavificha chini ya meza.

Tarehe moja Machi kwetu watu wanafungana uzi mwekundu na mweupe mkononi, kutakiana afya. Ralitsa akaja na mfuko. Alikuwa amesokota nyuzi ishirini na tatu yeye mwenyewe: za wenzake wote, yake, na yangu.

"Wako nimeufunga mafundo mawili, mwalimu," akaniambia. "Usije ukaumwa."

Mimi nilichokiona ni suluhisho.

"Wote fungeni mkono wa kushoto," nikasema. "Asiyejua jibu, anainua mkono wenye uzi."

Nilijiona mjanja kweli.

Watoto wote wakashika, kasoro Ralitsa. Asipojua jibu, hakuinua mkono wowote.

"Ralitsa, inua mkono."

"Lakini sijui, mwalimu."

"Ndiyo maana unainua wenye uzi."

"Si watadhani najua?"

Darasa likacheka. Bi Tsonka, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Huyu atatuumbua," akaninong'oneza. "Siku hiyo awe anaumwa. Nadhani umenielewa."

Nilimwelewa vizuri tu. Somo lote lilibuniwa kwa ajili ya mtoto wa aina ya Ralitsa, na mimi nikaanza kupanga namna ya kumtoa.

Siku moja kabla ya kamera kuja, nilimbakiza wenzake walipotoka. Nikaweka mkono kwenye paji la uso wake.

"Una homa. Kesho usije."

"Sina homa, mwalimu."

"Unayo. Naisikia hapa."

Akajigusa paji mwenyewe. Akafikiri kidogo. Kisha akavaa koti lake na kulifunga mpaka shingoni, kama mtu anayeumwa.

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Video ikatoka safi. Mikono ishirini na mmoja juu kila swali, na kwenye meza ya mwalimu, kiti kimoja kitupu. Kituo wakaipenda mno, wakaifanya mfano wa kufundishia walimu. Mwaka uliofuata wakaniita nikawe mkufunzi wao.

Nikaachana na chaki. Kazi yangu ikawa kuisimamisha video ile dakika ya nne na kuuliza, "Mnaona nini?"

Walimu wanajibu: watoto wanashiriki, wana furaha, kila mmoja ana nafasi yake. Mimi naitikia, naandika ubaoni. Miaka kumi na mmoja nimekula mkate kwa kazi hiyo.

Sasa turudi mwezi wa tatu mwaka huu.

Nikasimamisha video. Nikauliza swali langu. Nyuma kabisa, binti mwenye miwani akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa na uzi mwekundu na mweupe.

Orodha ya majina sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeshaacha kuzisoma.

"Naona nyuzi," akasema. "Hebu hesabuni mikono yenye uzi. Ni kumi na mitatu. Hao hawajui jibu. Rudisheni video mwanzo, muone kama mwalimu amewahi kumchagua mmoja wao."

Jamaa mmoja wa mbele akageuka.

"Wewe umejuaje, dada?"

"Nilisoma shule hiyo. Nyuzi nilisokota mimi." Kisha akanitazama. "Mwalimu, kwenye kile kiti kitupu alikuwa anakaa nani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia jibu la kweli. Nilijiambia kwamba siku nikiulizwa, nitasema, yaishe.

Nikafungua mdomo.

"Mtoto alikuwa mgonjwa siku hiyo," nikasema.

Mbele yake. Huku ananitazama.

Hakubisha. Alisema "Sawa," akakaa. Mimi nikaendelea na somo, na walimu wakaandika kwenye madaftari yao.

Wakati wa kahawa wenzake walitoka. Yeye akaja mpaka mezani kwangu.

"Mama hakwenda kazini siku hiyo, akanipeleka kwa daktari," akasema taratibu. "Daktari akasema mtoto mzima. Mama akanizaba kofi, akasema nimemsingizia mwalimu ili nisiende shule. Nililia, mwalimu, lakini si kwa ajili ya kofi. Nilikuwa nawaambia daktari amekosea, wewe huwezi kukosea."

"Ralitsa," nikasema.

Akanyoosha mkono na kuniwekea kiganja kwenye paji la uso. Aliuacha hapo kama mtu anayepima kweli. Uzi wake ulinigusa nyusi.

"Una homa, mwalimu," akasema. "Kesho usije."

Sikwenda. Mpaka leo sijarudi.

Kituo nimewaandikia barua mbili nikieleza kila kitu. Walijibu ya kwanza tu: video imeshazoeleka, na walimu wanaipenda. Kwa hiyo nadhani hata wiki hii kuna mtu amesimama mahali anauliza, "Mnaona nini?"

Wewe mwalimu unayesoma hapa, ukionyeshwa darasa zuri namna ile, achana na mikono. Hesabu viti, kisha uliza nani hakuja na nani alimwambia asije.