Mtungi wa Nyuma ya Kuni

Msichana huyu walimwita Kasuku, na aliyempa jina hilo hakukosea hata kidogo. Akifagia anasema, akila anasema, hata usingizini, bibi yake alisema, alikuwa akibishana na mtu. Sasa mtoto wa namna hiyo unampeleka akalelewe na nani? Akalelewa na bibi huyo huyo, mfinyanzi, mwanamke aliyefanya kazi kimya kama amejaza maji mdomoni!

Si kwamba bibi alikuwa na maringo. Enzi hizo udongo wa bonde lile ulikuwa na masikio. Mtungi ukifinyangwa huku watu wanaongea, maneno yao yaliingia udongoni, na siku ya kwanza kujazwa maji uliyatoa yote, mara moja tu, kuanzia kitako kwenda juu kadiri maji yanavyopanda. Nani anataka mtungi wa kumtangaza? Kwa hiyo gurudumu likizunguka, midomo ifungwe. Mtungi uliosemewa ulivunjwa ungali mbichi.

Kasuku aliivunja mingi. Mmoja ulimshinda. Ndio wa kwanza kumtoka vizuri, tumbo limekaa, shingo imesimama, akauonea huruma. Aliuficha nyuma ya kuni, na bibi alipochoma mitungi yake, akaupenyeza tanuruni katikati ya mingine, kisha akaurudisha kule kule mafichoni.

Basi, majuma machache baadaye ufunguo wa kisima ukapotea. Mji mzima ulikuwa na kisima kimoja, chenye kifuniko cha chuma na kufuli ambalo nyundo za mhunzi hazikulitikisa. Mlinzi wa kisima akaenda kwa mkuu wa mji, akajipiga kifua na kusema wa mwisho kuushika ufunguo alikuwa bibi mfinyanzi. Bibi akakana. Wapi! Akafungiwa ghalani: kesho jua likifika utosini na ufunguo haujaonekana, afukuzwe mjini, na uzee wote ule. Wakati huo shemeji yake mlinzi, mwenye birika nyuma ya nyumba yake, alikuwa akiwauzia watu maji kwa bei aliyojisikia.

Kasuku alilia weee, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomfaa. Alikumbuka kuwa mlinzi na shemeji yake waliwahi kuja karakana kumtafuta bibi, wasimkute, wakasimama dirishani wakinong'ona. Walinong'ona nini? Hakusikia hata neno, maana alikuwa kwenye gurudumu akipayuka peke yake. Lakini udongo ulisikia, na udongo wenyewe ndio ule mtungi wa nyuma ya kuni.

Hapo akasita, kwa sababu alikumbuka pia alichokuwa akipayuka.

"Potelea mbali," akasema, akajitwika mtungi, akashika na ndoo.

Asubuhi yote alipita mlango kwa mlango kuomba maji.

"Kikombe kimoja tu, shangazi," alimwambia muuza mkaa.

"Koo limenikauka, nikupe maji ukachezee?"

"Sichezi. Mtungi ukimaliza kusema utayachota maji yako. Usiposema, nitukane utakavyo."

"Matusi hayanyweki, mwanangu," alisema muuza mkaa, lakini akampa. Wengine walimfungia mlango. Aliurudia mlango huo huo mpaka wakafungua kwa kuchoka naye.

Uwanjani bibi alikuwa ametolewa, furushi mkononi. Kasuku alitua mtungi mtupu na ndoo ya maji mbele ya mkuu wa mji. Mlinzi akacheka. "Kasuku huyu na mambo yake!"

Bibi aliutazama mtungi. "Huu ulisemewa?"

"Ulisemewa, bibi. Nisamehe kabla hujasikia."

Akamimina. Maji yalifunika kitako, na sauti ikatoka, sauti yake mwenyewe, kali na wazi: "Nimemchoka bibi huyu! Kimya, kimya, kila siku kimya! Laiti wangekuja wamchukue, nami nipumue!"

Mlinzi akadakia, "Mmesikia? Hata mjukuu wake!" Bibi alikuwa ameinamisha uso. Kasuku aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na angeweza kuishia hapo, ndoo ilikuwa mkononi mwake. Akaendelea kumimina. Maji yalipofika mabegani mwa mtungi, chini ya mapayuko yake zikasikika sauti mbili nzito.

"Kisima kikifungwa, wote watakuja kwako."

"Na ufunguo?"

"Chini ya jiwe la mlangoni kwako. Nani atalinyanyua?"

Loo! Aliyekuwa wa kwanza kucheka akawa wa kwanza kutimua mbio, na hakufika mbali. Jiwe lilinyanyuliwa, na ufunguo ulikuwa pale pale.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kasuku hakusema kitu, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Bibi ndiye aliyeanza.

"Leo umekuwa bubu?"

"Bibi, yale maneno..."

"Yalikuwa yako, na yameniuma, sikufichi." Bibi alihamishia furushi mkono wa pili. "Mimi mama yangu nilimsema vibaya kuliko hivyo, kwenye gurudumu lile lile. Tofauti ni kwamba mtungi wangu niliuvunja."

Kasuku akaangua kicheko na kilio kwa pamoja, akafutia pua kwenye mkono. Walipofika, bibi aliuweka ule mtungi mlangoni, mahali pa mitungi yake mizuri, akampa ndoo.

"Kisima kimefunguliwa. Nenda kachote, uwarudishie watu maji yao," alisema. "Na huko njiani, sema mpaka uchoke."