Saa Saba Kasoro, Disk Inakata

Siku ya tatu disk yake ilipokata saa ileile, Mwongeli alisikia mtu akikohoa ndani ya chumba cha marehemu, kilichopakana na chake.

Kikohozi kimoja tu. Halafu kimya.

Manze, nywele zilimsimama! Majirani walikuwa wamemwambia chumba hicho kina kufuli tangu Mzee Jamleck azikwe, na ufunguo uko na mwanawe Wachira, mwenye ploti hii ya kupangisha.

Mwongeli alikuwa amehamia Waithaka wikendi iliyotangulia, kutoka Satellite. Kazi yake ni kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno. Laptop yake nzee inatumia Linux, na sauti zote ziko kwenye disk kubwa ya nje, ile yenye waya wake wa stima na wa USB wa kuingia kwa laptop.

Tangu ahamie, disk inakata kila mchana katikati ya kazi. Mahojiano mawili yalikuwa yameharibika. Bosi wake, Nyawira, hakumzungusha: "La tatu likipotea, natafuta mtu mwingine."

Akabadilisha waya wa USB. Wapi.

Akabadilisha tundu la laptop. Wapi!

Alhamisi akabeba kila kitu hadi tao, katikati ya jiji, kwa Idarus, fundi wa kompyuta mwenye kaduka ghorofani, River Road. Idarus aliiacha disk ikinakili mafaili asubuhi hadi alasiri. Haikukata hata mara moja.

"Disk yako nzima, dada yangu," alisema. "Linux huandika kila kifaa kinapoingia na kinapotoka. Hebu tusome."

Mistari ikamiminika. Jumatatu, USB imekatika, 12:52. Jumanne, 12:54. Jumatano, 12:51.

"Disk mbovu haijui saa. Hapo umeme unashuka. Kuna mtu anawasha kitu kizito kwenye laini yako. Unashiriki na nani?"

Laini ile ilikuwa ya vyumba viwili. Chake, na cha Mzee Jamleck.

"Huyo alikufa," Mwongeli akanong'ona.

Idarus akachomoa waya polepole. "Basi kesho usiangalie disk. Angalia chumba."

Kesho yake, saa saba kasoro dakika nane, balbu ilififia. Disk ikakata. Ng'ambo ya ukuta, maji yakaanza kunguruma.

Alizunguka nyuma, kwenye magugu ambako watu hawapiti. Mlango mdogo wa mbao ulikuwa wazi kidogo. Akausukuma.

Mama wa miaka sitini hivi alikuwa amekaa kitandani na aproni yake ya sokoni. Koili ya kuchemshia maji ilikuwa ndani ya sufuria. Vikombe vilikuwa viwili.

"Usipige nduru, mami. Mimi ni Janice, nauza soko la Kawangware."

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akimpikia Mzee chai ya mchana, kama mke, bila ndoa. Watoto wa Mzee hawakumtaka. Siku ya mazishi walimzuia langoni.

"Hata mchanga wa kumrushia sikupewa. Nilibaki na ufunguo wa huku nyuma tu. Nakunywa na yeye, naenda."

Mwongeli alimsikia. Lakini hofu ya wiki nzima ilikuwa imegeuka hasira.

"Mama, hiyo koili inanikatia kompyuta, itanifutisha kazi! Nikikuona tena hapa, nampigia Wachira."

Janice alichomoa koili, akamwaga maji nje, akafuta kikombe kimoja, kisha kingine.

"Pole, mami. Sikujua naumiza mtu."

Disk haikukata tena. Kazi ikaenda, Nyawira akafurahi.

Lakini kila mchana Mwongeli alijikuta akitega sikio ukutani, na ule ukimya ukamkosesha raha. Wiki ya pili alifunga laptop, akaenda soko la Kawangware kumtafuta. Alitaka kumwambia arudi, maji atamchemshia yeye kwa gesi.

Meza ya Janice ilikuwa tupu. Jirani yake, Naliaka, alikuwa akipanga nyanya.

"Janice? Alirudi kwao Nyeri. Alikuwa na mahali pa kumlilia mzee wake, akafukuzwa."

"Na akina Wachira?"

"Hao walimfukuza kitambo. Saa hii aliyemfukuza ni msichana fulani wa kompyuta. Unamjua?"

Mwongeli alinunua nyanya ambazo hakuzihitaji.

Unayesoma hii, ukimpata anayekuvurugia mambo, muulize shida yake kabla hujamtisha. Kuna watu ukiwafukuza mara moja, huwapati tena uwaombe msamaha.