Kompyuta Iliyopakwa Mafuta

Siku ile moja iliniachia aibu mbili. Ya kwanza kanisa zima linaijua, hata watoto wa shule ya Jumapili waliniigiza mwezi mzima, mmoja akiwa mimi na mwingine akiwa ngoma niliyoangukia. Ya pili tunaijua mimi na mama tu, na leo nawaambia zote mbili, kwanza kwa sababu mmenichokoza, halafu kwa sababu hiyo ya pili nimechoka nayo.

Mimi mnanijua, situlii. Nikikaa goti linacheza, nikilala vidole vinabonyeza godoro. Sasa mtu wa namna hiyo akiamua kujitengenezea kompyuta ya gemu, tena si ile iliyokwisha fungwa dukani, bali achague kipande kimoja kimoja kwa mkono wake, huyo amejitafutia ugonjwa. Nilikuwa nachapisha kazi za wanafunzi pale Wandegeya, hapa Kampala, kwenye mashine iliyozimika kila nikifika ukurasa wa arobaini, na kwa hasira ya mashine ile nikaapa kwamba yangu itadumu. Miaka kumi! Umeme wetu ukatike, urudi kwa kishindo, ukatike tena, yangu iwe inanitazama tu.

Miaka miwili nilikuwa nakwenda mjini kwa Salongo (jina lake silijui mpaka leo, lakini alizaa mapacha, na hapa ukizaa mapacha jina la zamani linakufa), napanda ghorofa tatu mpaka kwenye kile kiduka chake, nashika kadi ya picha, nairudisha, nauliza habari za pawasaplai, ile ya kuilisha mashine umeme, narudi nyumbani, silali, narudi kesho kuuliza swali lile lile. Siku moja akavua miwani akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kiganda, "Ssebo, bwana, wewe nanunua kompyuta ama naoa?"

Nilichagua vizuri, hilo sitamwachia mtu anicheke. Pawasaplai nzito, si zile nyepesi za kulia pyuu halafu moshi. Madabodi, ule ubao unaobeba vyote, ya kukubali prosesa mpya baadaye. Kadi ya picha yenye feni mbili. Tulibishana kwenye kasha tu. Salongo alitaka nichukue lililofunikwa juu, akasema, "Vumbi ya Kampala iko mingi." Mimi nikataka lenye matundu juu na feni zake mbili hapo hapo juu, na kioo ubavuni, na taa za kubadilika rangi (taa hazidumishi kitu, najua, niacheni).

"Joto hupanda juu, Salongo," nikamwambia kwa kiburi cha mtu aliyesoma mtandaoni. "Litokee wapi? Na nani atanimwagia kitu kutoka juu?"

Kumbukeni hayo maneno.

Sasa kosa lenyewe. Jumatano nashuka kwenye boda, nimekumbatia kasha, shingo imepinda, mwenye boda anapiga honi nimlipe, na mama yuko mlangoni anachambua sombe, kisamvu chetu. Mama yangu ndiye mkubwa wa wamama kanisani kwetu, kanisa letu la Wakongo, na tangu tuvuke mpaka nikiwa mgongoni mwake hajawahi kukaa bure siku moja. Mwaka mzima alikuwa ananiambia kwamba mwanaume wa miaka ishirini na sita hachezi, anatafuta mke. Akainua macho.

"Mugisho, hii sanduku iko ya nini?"

Jamani, ningesema ukweli tungekaa pale mpaka giza. Mimi nilitaka kupita tu, mkono ulikuwa unauma. Nikasema, "Ya kwaya, mama. Ya kurekodi nyimbo."

Kompyuta ya kwaya ilikuwa imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo uongo ulipata pa kukaa. Mama akaweka sombe chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga vigelegele hapo hapo mlangoni mpaka majirani wakachungulia. Nikajiambia, nitamweleza kesho.

Kesho ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni maombi ya wamama, na wamama wakiombea kitu hakirudi nyuma. Ijumaa Mchungaji mwenyewe akanipigia simu, sauti imelainika, akasema nitoe shukrani kwa Bwana aliyenipa moyo huo, na Jumapili niilete mbele iwekwe wakfu. Nikasema amina. Ningesema nini? Nikazunguka nyumba mara tatu, nikaingia kumwambia mama, nikamkuta anapiga pasi kitenge cha sherehe, nikatoka, nikazunguka tena. Mpango wangu ulikuwa huu: ipelekwe, iombewe, irudi nyumbani "kufungwa programu", na isirudi kanisani tena mpaka watu wasahau. Huo ndio mpango wa mtu ambaye hajalala.

Jumamosi mama aliaga kwamba anakwenda sokoni na vitenge vyake. Nikafungua kila kitu chini, nikafunga prosesa, nikaweka ramu, nyaya, skrubu ya mwisho, nikabonyeza. Ikawaka! Taa zikapita nyekundu, buluu, kijani, feni zikaanza kunong'ona, na mimi nikacheka peke yangu chumbani. Nikaweka gemu ya vita niliyokuwa naitazama kwa wenzangu tu, nikaongeza sauti nisikie spika, nikacheza mpaka nikasahau kula. Na kwa sababu sina subira hata ya kubonyeza mara mbili, nikaipanga ile gemu iwe inajifungua yenyewe kila mashine ikiwashwa.

Jumapili. Ukumbi umejaa. Mashine iko mbele juu ya meza, imefunikwa kitenge cha mama kama bibi harusi, na mwalimu wa kwaya, kwa bidii yake ambayo hakuna aliyemwomba, ameshaiunga kwenye projekta na kwenye spika kubwa za kanisa. Mama amesimama pembeni yake. Sijawahi kumwona amesimama vile, mabega yamenyooka, anatazamwa.

"Iwashwe," akasema Mchungaji, suti nyeupe, viatu vyeupe. "Tutaiombea ikiwa hai."

Nikabonyeza. Taa zikawaka, watu wakasema oooh, mzee mmoja wa nyuma akapiga makofi. Mchungaji akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, shemasi akamwekea chupa ya mafuta. Nikaiona chupa, nikayaona matundu, nikayaona mafeni yanazunguka chini ya matundu, nikamkumbuka Salongo.

"Mchungaji," nikanong'ona, "kidogo tu. Tone moja."

Akanitazama kwa upendo. "Usijinyime baraka, mtoto wangu," akasema, akamimina.

Akamimina nusu chupa! Sasa mafuta yakikutana na feni inayozunguka hayaingii, yanarudi. Yalirudi yote. Yakaruka juu na pembeni, yakampata Mchungaji kuanzia tai mpaka paji la uso, yakawapata waimbaji wa sauti ya kwanza, yakanipata mimi jichoni, na kabla mtu hajapata neno la kusema, ukutani, pale tunaposomea maneno ya nyimbo, gemu ikajifungua.

Risasi. Kwa spika kubwa za kanisa.

Ninyi mnacheka, na mimi nilicheka baadaye, lakini sikieni. Lile ni kanisa la watu waliokimbia. Ukumbi mzima ulikwenda chini kwa mara moja, bila kelele, watu wazima wanajua namna ya kulala chini, akina mama wamefunika watoto, Mchungaji na mafuta yake yuko nyuma ya mimbari. Nikaruka kuvuta waya wa umeme, nikakanyaga mafuta, miguu ikaenda Mbuya, mtaa wa mbali, na mimi nikaenda kwenye ngoma. Ngoma ikapasuka, nikaingia mpaka kiwiko, lakini waya nilikuwa nimeushika na ulichomoka.

Nikainua kichwa, nikaona migongo ya watu na viti. Aliyesimama alikuwa mmoja tu, mama. Hakuwa ameinama hata kidogo. Alikuwa ananitazama.

Watu wakaanza kujiinua, wakijipangusa magoti, na Mchungaji akatoka polepole na maikrofoni. Akauliza, na haki yake alikuwa nayo, "Mugisho. Hii mashine ni ya nini?"

Ningesema ni yangu, ni ya kuchezea, ningeibeba nikaondoka nayo, miaka yangu miwili ya ghorofa tatu. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini mama alikuwa pale mbele ya watu aliowaombesha, kitenge chake kina madoa ya mafuta, na bado mabega yamenyooka.

"Ni ya kwaya," nikasema.

"Ni ya kwaya," mama akasema kwa sauti, baada yangu. "Hayo makelele, mtoto atayatoa."

Hapo yule mzee wa nyuma akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, halafu kanisa lote likamfuata, na mimi nimekaa chini na mkono ndani ya ngoma, mafuta yananitiririka. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza.

Jioni nilikuwa nyumbani nimeifungua, nasafisha mafeni kwa spiriti na mswaki (mafuta hayapitishi umeme, hiyo ndiyo neema niliyoiona mimi). Mama akaja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishikia taa ya simu. Nikaona sasa hakuna kona ya kukimbilia, nikamwambia yote, kuanzia Jumatano.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Jumamosi. Nilisahau mkasi, nikarudi kati ya njia. Nikaingia kwa jikoni, nikasikia masasi." Alisema hivyo hivyo, masasi badala ya risasi, kama wanavyosema kwetu Bukavu. "Nikalala chini, kati ya masufuria. Nikawaza, Mugisho wangu iko chumbani, nitamfikia namna gani? Nikaanza kutambaa. Ile nafika kwa mlango, nikasikia unacheka."

Taa ya simu haikutikisika. Mimi ndiye niliyeangusha mswaki.

"Mbona hukusema kitu, mama?"

"Nilingoja useme weye."

Halafu akainama akanionyesha doa nililoliruka, chini ya feni ya pili.

Mashine iko kanisani mpaka leo, huu ni mwaka wa saba. Umeme umekatika mara ngapi, imeanguka na meza, panya wamekula waya wa nje, na inarekodi kwaya kila Jumamosi bila kukohoa, na kila nikienda kuipangusa vumbi (Salongo alisema kweli kuhusu vumbi) naiombea kimoyomoyo ife nikabidhiwe mabaki. Haifi. Nilichagua vizuri mno.

Kwa hiyo sasa nakusanya ya pili, taratibu, na safari hii mama anajua. Akaniambia hata kuiombea ataiombea, lakini bila mafuta. Na nyinyi mnaokuja kuniuliza mwanzie kipande kipi mkitaka mashine ya kudumu, mkidhani nitawatajia prosesa au kadi ya picha, mimi ya pili nimeianza na kitu kimoja, kiko tayari juu ya kabati na kingine chochote bado hakijanunuliwa: hedifoni.