Tulimsindikiza Mgeni Mpaka Muyinga

Jamani, kuna watu humsindikiza mgeni mpaka getini. Sisi wetu tulimsindikiza kutoka Makebuko, mkoani Gitega, mpaka Muyinga, mkoa mwingine kabisa.

Na baba mkwe wangu alikuwa amevaa kandambili za kuogea.

Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Mimi naitwa Jovina. Nimekulia Kigoma, nimeolewa Makebuko. Kijiji chetu kilipewa ruhusa ya majaribio kupokea watalii wanaokuja kutazama misambi, wale ndege wenye taji kichwani, kule bondeni. Masharti kibao: wageni wachache, hakuna kelele, hakuna kutoka nje ya njia. Mwongozaji ni mimi.

Mgeni wa kwanza ndiye angeandika ripoti yetu. Akinuna, kibali cha kudumu kinakwenda kwa washindani wetu wa Mutaho. Kazi ile niliitaka mpaka chakula hakipiti.

Mgeni akaja. Mzungu, anaitwa Thomas, Kiswahili amejifunzia Moshi, kimenyooka. Akatazama ndege, akala maharage na ndizi kwetu, akaaga.

Sasa, kwetu mgeni haondoki peke yake. Unamsindikiza mpaka mwenyewe aseme, "Asanteni, rudini." Ukigeuka kabla, ni kama umemfukuza.

Baba mkwe, mzee Nazario, akatoka vilevile alivyokuwa. Tukafika mwisho wa migomba. Thomas kimya. Tukafika barabarani. Kimya.

"Baba, turudi?" nikanong'ona.

"Amesema turudi?"

"Hapana."

"Basi."

Nikajaribu kumsaidia. "Thomas, njia si umeshaijua?"

"Naijua, asante."

"Na basi lile linakuja."

"Ndiyo, naliona."

Akanitazama. Nikamtazama. Ng'o!

Akapanda, akasogea dirishani, akatuachia nafasi. Mzee akashusha pumzi. "Ametupisha, mkwe wangu. Tukikataa tutamtia aibu."

Tukapanda.

Tulipofika Karusi, Thomas akatugawia mahindi ya kuchoma huku akitabasamu kama mtu aliye chini ya ulinzi.

"Huyu kijana anatupenda sana," mzee akasema.

Mimi nilitaka kulia. Sufuria nimeiacha motoni!

Muyinga tukashuka, mguu kwa mguu mpaka kwa Mama Kadidja, muuza vitenge anayelaza wageni. Akatutazama kuanzia juu mpaka kwenye miguu ya mzee.

"Mais, lakini mi niliambiwa mugeni iko mumoja! Nyinyi munafanya nini huku?"

"Tunamsindikiza," mzee akajibu kwa heshima zote. "Hajatuambia turudi."

Thomas akashika kichwa. "Mimi? Ofisi ya utalii iliniambia nisiachane na mwongozaji mpaka aseme ziara imekwisha! Nasubiri tangu mchana. Nilidhani mnanishuku nimeiba yai la ndege!"

Kadidja alicheka mpaka akakaa chini. "We mama, sema sasa! Sema, huyu mutu alale!"

Nikasema, uso umenishuka: "Ziara imekwisha."

"Asanteni," Thomas akadakia. "Rudini!"

Wiki iliyofuata ofisi ya utalii ikatuita. Nilikwenda na mzee, nimeshakata tamaa, najiona kabisa navua kikoti cha mwongozaji.

Afisa akasoma ripoti ya Thomas. Kumbe ameandika kwamba mwongozaji hakumwacha hata dakika moja, na hajawahi kuona watu wanaoshika sheria namna ile.

Tukapewa kibali! Nilipiga kigelegele humohumo ofisini, mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nilifurahi, sina la kuficha.

Afisa akasubiri nimalize, uso mkavu.

"Utaratibu wenu umetupendeza sana," akasema. "Kuanzia sasa ni sharti. Kila mgeni wenu mtamsindikiza mpaka Muyinga."

Kabla sijafungua mdomo, mzee Nazario alishajibu, "Ndiyo, bwana. Hiyo ndiyo adabu."

Ndugu zangu, mnapoagana na mtu, mruhusuni kwa mdomo. Heshima ya kukaa kimya inaweza kugeuka sheria, na wa kuitekeleza ukawa wewe. Mimi hapa ninapoandika niko Muyinga, na Kadidja ameshaanza kunitengea kitanda.