Sanduku Refu la Buibui

Jembe lililobomoa shimo lake lilikuwa mikononi mwangu. Tulikuwa Butiama kwa mama mkwe, tunachimba mihogo, udongo ukaporomoka akatoka buibui wa kahawia mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mtoto; wale ambao vitabu vinawaita tarantula. Mama mkwe akainua jembe lake. Binti yangu akamshika mkono.

"Bibi, usimuue. Sisi ndio tumemvunjia nyumba."

Neno hilo lilinichoma, nikakubali tuondoke naye hadi kwetu Nyasho, ndani ya ndoo ya rangi iliyojazwa udongo uleule na kutobolewa mfuniko. Alijichimbia humo, akatulia. Binti alimpa panzi, akala. Aliyekosa utulivu ni mimi. Kila nikipita karibu na ile ndoo nilijiona askari magereza. Huyu alikuwa na shamba zima, nami nimemtia kwenye ndoo!

Basi nilipokwenda Bunda kufuata vitambaa vya kushona, nikapitia kwa fundi vioo. Nikamwonyesha kwa mkono: sanduku lenye kimo cha stuli.

"Samaki wa aina gani hao, dada?"

"Si samaki. Buibui."

Alicheka mpaka akaweka futi chini. "Huyo atakuwa anaishi ghorofani!"

Nikafurahi. Ghorofa ndiyo niliyoitaka.

Binti alipoliona alisita. "Mama, si refu sana? Hawa wanakaaga chini ya ardhi."

"Nafasi haijawahi kumuua mtu," nikamjibu. Tena nikaweka udongo kidogo tu, wa kina cha vidole viwili, kioo kisichafuke, nikamhamishia buibui humo.

Kesho yake, nikiwa napiga pasi, nikamwona ananing'inia juu kabisa, kucha zimenasa kwenye wavu wa mfuniko. Hakuwa na pa kuchimba, akapanda. Nikamwita binti aje aone rafiki yake anavyostarehe. Alipofika mlangoni, buibui akaachia.

Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo. Lakini tumbo lilipasuka, yakatoka majimaji mepesi.

Binti hakulia. Alipaka unga laini wa mahindi kwenye jeraha kwa kijiti cha pamba ili kuliziba, kisha akakaa sakafuni na simu yangu, anasoma.

"Wanasema upana ukiwa mara tatu ya miguu yake ikinyooshwa, unatosha," akasema. "Na kutoka kwenye udongo mpaka mfuniko pawe pafupi, asije akaanguka. Tumbo lake ni kama puto la maji."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi tu. Lakini ulikuwa umefurahi sana, mama."

Afadhali angenifokea.

Tulibeba udongo kutoka nyuma ya nyumba, tukalijaza sanduku karibu mpaka juu. Buibui alipona, ila kwa muda mrefu aligoma kula. Nilikuwa naacha cherehani katikati ya mshono nikamchungulie. Hatimaye panzi akatoweka, na pembeni pakaonekana mlango wa shimo umezungushiwa nyuzi nyeupe. Binti aliruka kwa furaha, akanikumbatia. Nami nilimkumbatia, lakini moyoni nilikuwa bado nasikia kile kishindo.

Wageni wakija huuliza kwa nini nimeweka sanduku la udongo sebuleni. Binti huwasimulia yote, kuanzia kwenye mihogo. Akikaribia habari za ghorofa, mimi huinuka nikaangalie chai.